Uyoga wa pori: chakula kizuri, lakini si dawa ya kila ugonjwa

Mvua zikirudi kisha kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa nane, uyoga unaanza kutoka kwenye vichuguu na kwenye miti iliyooza. Wamama wa Alunguli wanaupanga sokoni ndani ya beseni ao juu ya majani. Lakini pamoja na bei, siku hizi unasikia pia maneno mengine: huu unaponya sukari, ule unashusha tansiyo, unga wake unamaliza kansa. Je, ni kweli? Tuangalie kile kinachojulikana.

Kilichomo ndani ya uyoga

Uyoga mubichi ni maji mengi: katika kilo 1, karibu gramu 900 ni maji. Ukikaushwa, kinachobaki ni proteini, nyuzinyuzi na madini, na mafuta kidogo sana. Kwa nyumba ambayo nyama ao samaki haipatikani kila siku, huo ni msaada mukubwa.

Kuna vitu vingine ambavyo wataalamu wanachunguza. Cha kwanza kinaitwa betaglukani, ni aina ya nyuzinyuzi ya uyoga inayoweza kuamsha askari wa mwili wanaopigana na magonjwa. Cha pili ni ergosteroli: uyoga ukipata jua, hiyo inageuka vitamini D, ambayo mifupa inahitaji. Kwa hiyo mama anayekata uyoga na kuuanika juani hauhifadhi tu, anauongezea pia faida.

Uyoga wa kichuguu

Uyoga unaopendwa zaidi kwetu ni ule wa kichuguu. Kwa jina la kisayansi unaitwa Termitomyces, jina ambalo Mufaransa Roger Heim aliutolea mwaka 1942. Mchwa ndio wakulima wake: wanatafuna majani na miti, wanatengeneza shamba ndani ya kichuguu, na uyoga unaota humo. Watu hawajaweza kuulima bila mchwa. Ukiharibu kichuguu, umeharibu shamba.

Mwaka 2000, wataalamu wa Japani walitangaza kwamba ndani ya uyoga wa kichuguu kutoka China walipata vitu vinavyosaidia chembe za neva kuchipuka. Habari nzuri. Lakini walijaribu kwenye chembe za panya ndani ya laboratwari, hawakujaribu kwa mgonjwa.

Toka laboratwari mpaka kwa mgonjwa

Hapo ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Kitu kinaweza kufanya kazi vizuri ndani ya chupa ya laboratwari, lakini kikifika tumboni kikayeyuka bila faida yoyote.

Mufano ni lentinani, betaglukani inayotolewa katika uyoga wa shitake. Japani iliikubali mwaka 1985 kusaidia wagonjwa wa kansa ya tumbo. Lakini inasafishwa, inapimwa, inapigwa kwa sindano, tena pamoja na dawa zingine za kansa. Haikuchukua nafasi ya dawa hizo. Basi unga unaouzwa ndani ya sashe, bila kipimo na bila jina la uyoga, hauwezi kuitwa dawa ileile.

Hatari kubwa si unga wenyewe tu. Hatari ni mugonjwa wa sukari, wa tansiyo ao wa kifua kikuu kuacha vidonge juu ameanza kunywa uyoga. Ugonjwa unaendelea kimyakimya, na akirudi hospitali inaweza kuwa amechelewa.

Usidanganywe na sumu

Kuna pia uyoga unaoua. Aina fulani za Amanita ziko na sumu inayoitwa amatoksini. Kupika hakuiondoi, kukausha pia hakuiondoi. Mtu anaanza kutapika na kuhara saa 6 mpaka 24 kisha kula. Halafu anaweza kujisikia vizuri siku moja, kumbe ini linaharibika.

Wengine wanasema uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, ao kwamba wenye sumu unageuza kijiko kuwa cheusi. Yote mawili si kweli.

Mambo ya kushika

- Kula tu uyoga ambao wazee wa kwenu wanaujua kwa jina. Ukiwa na mashaka, tupa.
- Upike uive vizuri, na wali ao bukari, na mafuta ya mawese kidogo.
- Usiache dawa ya hospitali juu ya uyoga. Ukitumia unga wowote, mwambie munganga.
- Mtu akitapika kisha kula uyoga, mupeleke haraka kwenye kituo cha afya, hata kama anasema amepata nafuu. Beba mabaki ya uyoga huo.

Uyoga wa pori yetu ni mali. Tuule kwa furaha, tuuze kwa ukweli, na dawa tuwaachie waliosomea dawa.