Daktari wa familia: Jinsi ya kumpata ukiishi mji mdogo Kenya

Ukiugua Nairobi au Mombasa, shida huwa ni kuchagua daktari. Ukiugua Webuye, Maralal au Wundanyi, shida huwa ni kumpata daktari yule yule mara mbili. Leo umehudumiwa na huyu, mwezi ujao amehamishwa, na anayechukua nafasi yake anaanza upya: "Unaumwa wapi? Umewahi kutumia dawa gani?"

Wengi huchoka na kuishia duka la dawa. Kwa mafua ya siku mbili huenda kusiwe na neno. Lakini kwa mtu mwenye presha, sukari au pumu, kuhangaika huku na kule kunaweza kumgharimu figo, macho au maisha. Presha haina kelele. Inaweza kupanda kwa miaka bila dalili yoyote, na wa kuigundua ni yule anayekupima mara kwa mara na kulinganisha namba.

Huyo ndiye daktari wa familia. Hivi ndivyo unavyoweza kumpata.

Daktari wa familia ni nani?

Kuna madaktari waliobobea katika tiba ya familia. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza mwaka wa 2005, na hospitali ya Webuye ni mojawapo ya mahali walipopata mafunzo. Hata hivyo, bado ni wachache. Ukisubiri mwenye cheti hicho aje mjini kwenu, utasubiri sana.

Katika miji mingi midogo, daktari wako wa familia atakuwa daktari wa kawaida mwenye kliniki yake, au afisa wa kliniki, yule ambaye watu humwita "CO" au "daktari" tu. Usimdharau. Maafisa wa kliniki wamesomea kupima na kutibu magonjwa ya kawaida, wana baraza lao, na ndio wanaoendesha vituo vingi vya afya mashinani.

Cha kuangalia ni mambo matatu: ana leseni, anapatikana, na anajua pa kukomea, yaani yuko tayari kukutuma mbele ugonjwa unapomzidi.

Jua ngazi za hospitali

Vituo vya afya Kenya vimepangwa kwa ngazi sita:

- Ngazi ya 1: wahudumu wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba
- Ngazi ya 2: zahanati
- Ngazi ya 3: kituo cha afya
- Ngazi ya 4: hospitali ya kaunti ndogo
- Ngazi ya 5: hospitali ya rufaa ya kaunti
- Ngazi ya 6: hospitali za rufaa za kitaifa, kama Kenyatta na ile ya Moi, Eldoret

Daktari wa familia humtafuti ngazi ya 5. Huko utapiga foleni na kila siku utamkuta mtu mwingine. Anza ngazi ya 2 na ya 3, au kliniki ya kibinafsi iliyo karibu, kisha uulize wagonjwa wao hutumwa hospitali gani mambo yakiwa magumu.

Uliza watu wanaofaa, swali linalofaa

Ukiuliza "daktari mzuri hapa ni nani?", utapewa jina la mwenye jengo kubwa. Badala yake, uliza hivi: "Presha yako inaangaliwa na nani, na umemwona mara ngapi mwaka huu?" Mtu aliyemwona daktari mmoja mara nne au tano ana habari kuliko aliyesikia sifa zake sokoni.

Wa kuuliza ni hawa:

- Wazee wanaotumia dawa kila siku
- Kina mama wenye watoto wadogo, ambao huenda kliniki mara kwa mara
- Muuguzi aliyekaa kituoni muda mrefu. Huyu anajua nani hufika kazini na nani hupatikana kwa simu tu
- Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wako

Hao wa mwisho wengi huwasahau. Serikali ilizindua zaidi ya 100,000 mwaka wa 2023 na kuwapa mikoba yenye vifaa kama mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Anakuja mlangoni, na anajua kituo gani kina dawa na kipi hakina.

Koti jeupe si leseni

Miji midogo ina madaktari feki pia. Kabla ya kumwamini mtu na mwili wako, angalia ukutani. Kliniki halali ina leseni yenye jina, kiwango cha huduma na tarehe ya kuisha.

Madaktari wanasajiliwa na baraza la KMPDC, na tovuti yake inakuruhusu kutafuta jina la daktari au la hospitali kwa simu yako. Maafisa wa kliniki wanasajiliwa na Baraza la Maafisa wa Kliniki. Jina lisipoonekana, uliza kwa heshima: "Daktari, umesajiliwa na baraza gani?" Mwenye vyeti atakujibu bila kukasirika.

Pesa: SHA inasaidia wapi?

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Unaweza kujiandikisha kwa kupiga *147#. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Kuna sehemu ambayo watu wengi hawaijui. Matibabu ya ngazi ya 2 na ya 3 yanalipiwa na hazina ya huduma za msingi za afya, ambayo pesa zake hutoka serikalini. Kwa hiyo, hata kama mchango wako umekwama, usikose kujiandikisha. Michango yako ndiyo inayohitajika ukilazwa au ukipelekwa hospitali kubwa.

Kabla hujaamua kituo, uliza mapokezi: "Mna mkataba na SHA? Ni huduma gani nitalipia mfukoni?" Kliniki nyingine za kibinafsi hazina, na ni afadhali kujua kabla ya kuketi kwenye benchi.

Nenda mara ya kwanza ukiwa mzima

Ziara ya kwanza isiwe ya usiku wa manane mtoto akiwa na degedege. Chagua siku isiyo ya soko, kwa sababu siku ya soko foleni huwa ndefu watu wakija kutoka vijijini. Omba upimwe presha, uzito na sukari. Kisha uliza maswali haya:

1. Uko hapa siku gani na saa ngapi? Wengi wenye kliniki pia wameajiriwa hospitali ya kaunti.
2. Usipokuwepo, nani anashika zamu?
3. Naweza kukupigia nikiwa na swali la dawa?
4. Vipimo gani vinafanyika hapa, na vipi natumwa nje?
5. Ukinituma hospitali kubwa, utaniandikia barua?

Sikiliza majibu, lakini pia angalia kama naye anakuuliza. Daktari anayekuuliza kuhusu wazazi wako, dawa unazotumia, hata za mitishamba, na kazi unayofanya, anajenga picha ya afya yako. Anayeandika dawa kabla hujamaliza sentensi anataka tu uondoke.

Daftari lako ndilo faili lako

Katika vituo vingi vya umma, rekodi ya mgonjwa ni daftari la shule ambalo mwenyewe hununua dukani. Likipotea au kulowa mvua, historia yako imepotea nalo. Hii ndiyo sababu kubwa ya matibabu kuanza upya kila mara.

Dawa yake iko mkononi mwako:

- Piga picha kila ukurasa kabla ya kutoka kituoni, na uweke picha hizo pamoja kwenye simu
- Andika jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, na tarehe uliyoanza. "Kile kidonge cheupe" hakimsaidii daktari mpya
- Andika dawa zinazokudhuru kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa
- Kwa mtoto, tunza kijitabu cha kliniki chenye chanjo na uzito wake
- Mtumie picha hizo mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini

Kwa presha, andika namba zote mbili na tarehe. Vipimo vinavyorudia kufika 140/90 au zaidi vinahitaji daktari, hata kama unajisikia vizuri.

Dalili za kuondoka

Tafuta mtu mwingine ukiona haya:

- Kila mgonjwa anachomwa sindano au kutundikiwa dripu, awe na ugonjwa wowote
- Unapewa dawa kwenye karatasi bila jina
- Antibayotiki zinatolewa kwa kila mafua
- Unakatazwa kutafuta maoni ya daktari mwingine
- Umetibiwa ugonjwa ule ule mara tatu, hupati nafuu, na bado hutumwi mbele
- Siri za wagonjwa zinasemwa mbele yako. Zako pia zitasemwa

Hilo la mwisho lina uzito mji mdogo, ambapo anayekupima anaweza kuwa jirani yako au mnaabudu pamoja.

Akihamishwa au mgomo ukianza

Afya ilikabidhiwa kaunti mwaka wa 2013, na wahudumu wa umma huhamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Pia kuna migomo. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa 2024 ulidumu siku 56. Kwa mwenye kisukari, siku 56 bila wa kumwangalia ni nyingi mno.

Kwa hiyo uwe na wawili: mmoja wa kituo cha umma na mwingine wa kliniki ya kibinafsi au hospitali ya misheni, ambazo kwa kawaida hubaki wazi wakati wa mgomo. Ukisikia daktari wako anahama, mwombe akuandikie muhtasari wa ukurasa mmoja: una ugonjwa gani, unatumia dawa gani, vipimo vya mwisho vilisemaje. Ukurasa huo ndio wa kwanza kumwonyesha anayekuja.

Ikiwa ni dharura, usimsubiri daktari wako. Nenda hospitali iliyo karibu zaidi, iwe ya umma au ya kibinafsi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Beba simu yenye zile picha za daftari, na ukipata nafuu, rudi kwa daktari wako umweleze ulichofanyiwa.