Mashine isiyojua 'Sura ya Kwanza'

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea rasimu ya tasnifu aliyoiandika kwa Kiswahili safi kabisa, ila kila sura ilianza na neno 'Chapter'. Nikamuuliza, mbona hivi? "Mwalimu, si mimi, ni LaTeX."

Nilicheka, lakini hakuwa akinidanganya. Mwaka 1977 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alitazama nakala za majaribio za toleo jipya la kitabu chake, akachukizwa na sura ya maandishi. Wachapishaji walikuwa wameacha herufi za risasi na kuhamia mitambo ya picha. Akaamua kuunda programu yake ya kupanga chapa, TeX. Alidhani ni kazi ya muda mfupi, kumbe ingemla miaka! (Matoleo yake huhesabiwa kwa kuikaribia pai: 3.14, 3.141, na kuendelea.)

Hata hivyo, TeX yenyewe haijui sura ya kitabu ni nini. Aliyeijengea LaTeX juu yake ni Leslie Lamport, mapema katika miaka ya 1980. Lamport alitenganisha hesabu na mwonekano wake: ndani ya mashine mna kihesabio, na amri nyingine ndiyo huamua kama kitaonekana 1, I au A. Nambari za vijisehemu nazo hurithi mwonekano wa nambari ya sura.

Neno 'Chapter' lenyewe lilikuwa limekazwa ndani ya programu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya waandishi wa lugha nyingine za Ulaya, lilitolewa likawa amri inayobadilishika. Mjerumani huweka 'Kapitel' na mambo yakaisha, maana kwake pia ni jina kisha nambari. Sisi je? Kiswahili kinadai kiunganishi, na baada yake si 'moja' bali 'kwanza'. Kwa bahati ni mbili tu zinazotusumbua, kwanza na pili. Kuanzia tatu hakibadiliki kitu.

Basi kijana wangu akaandika 'Sura ya' mahali pa jina, akaamuru kihesabio kionekane kwa maneno. Kichwa kikatoka vizuri, 'Sura ya Kwanza'. Lakini chini yake, jamani, vijisehemu vikawa 'Kwanza.1', 'Kwanza.2'! Urithi ule wa Lamport. Nilimshauri airudishe nambari ya sura iwe tarakimu, kisha maneno ayaweke kwenye mstari wa kichwa peke yake. Kuna wanaotosheka na 'Sura ya 1', na msomaji atasema 'kwanza' mwenyewe. Mimi siwalaumu, ingawa kwenye tasnifu napenda neno kamili.

Ijumaa akarudi. Sura zote sawa, vijisehemu 1.1, 1.2, sawa. Nikafungua ukurasa wa yaliyomo. Juu yake, kwa herufi nene: 'Contents'.