Susu, Makao na Dawati

Zamani Ukambani, mtoto aliyefiwa na wazazi hakuwa wa kutafutiwa makao. Alikuwa wa ukoo: alibaki kwa amu zake au kwa susu, nyanya yake, akala na watoto wengine wa boma. Mpango huo ulitikiswa mara nyingi kabla ya UKIMWI. Njaa ya 1898 na 1899 ilisambaratisha kaya nyingi, na ule ukame wa 1984 uliitwa Nikw'a Ngwete kwa kuwa mtu aliweza kufa njaa akiwa na pesa mkononi. Lakini njaa huisha, na walionusurika hurudi shambani. UKIMWI wa miaka ya 1990 uliondoa kizazi cha kati chenyewe, wale ambao wangelipa karo, ukaacha wazee na wajukuu. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, sare na chakula bado vilikuwa mzigo wa nyumbani. Makao ya watoto yalivitoa vyote, na kwa hiyo yakawapokea hata watoto wenye mzazi hai, ambao shida yao hasa ilikuwa umaskini.

Hoja yangu ni kwamba makao humfikisha mtoto darasani haraka, lakini kwa mtoto mdogo sana huweza kudhoofisha kile anachohitaji ili ajifunze: mtu mmoja asiyebadilika wa kusema naye na kumsikiliza. Walezi wa zamu hawawezi kuwa mtu huyo. Utafiti ulioanza Bucharest mwaka 2000 uliwafuatilia watoto 136 wa taasisi. Nusu yao walipewa familia za kuwalea. Hao waliendelea vizuri zaidi kiakili, hasa waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Kuna wanaopinga, nao wana ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha nchi tano zikiwemo Kenya na Tanzania, ulionyesha kuwa watoto wa taasisi hawakuwa nyuma ya wenzao waliolelewa na jamaa. Nakubali, ila watoto hao walikuwa wa miaka 6 hadi 12. Wa Bucharest walikuwa wachanga. Kwa hiyo la kuuliza kwanza ni umri wa mtoto anapoingia. Wengine watasema susu amechoka, pengine hajui kusoma, na huko Makueni na Kitui maji yako mbali. Ni kweli tupu. Jibu lake lilijengwa Kitui mwaka 2006, pale Kijiji cha Nyumbani, kilichoasisiwa na padre Mjesuti Angelo D'Agostino kwenye ekari 1,000 zilizotolewa na baraza la wilaya. Wazee waliofiwa na watoto wao huishi na mayatima katika nyumba zao, shule na zahanati zikiwa humo humo. Taasisi ndiyo iliyoiga familia, na mwalimu ndiye anayefundisha kusoma. Susu anabaki na kazi ya kulea.

Kijiji hicho ni ghali, na hakiwezi kujengwa kila lokesheni. Njia nyepesi ilijaribiwa tangu 2004, Serikali ilipoanza kuzipa familia zinazolea mayatima fedha taslimu. Mkakati wa kitaifa wa 2022 sasa unataka watoto warudishwe kwenye familia ndani ya miaka kumi. Ukitekelezwa bila chakula cha mchana shuleni, makao yatajaa tena ukame unaofuata.