Jinamizi: historia ndefu ya uzito kifuani

Mwaka 1664, Isbrand van Diemerbroeck, profesa wa tiba katika mji wa Utrecht nchini Uholanzi, alichapisha habari za wagonjwa aliowahudumia. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa miaka 50, mnene na mwenye nguvu zake, ambaye mchana hakuwa na neno. Usiku alipojilaza ndipo taabu ilipoanza. Mara alihisi shetani amemlalia na kumkandamiza, mara mbwa mkubwa au mwizi amemkalia kifuani, hata pumzi zikawa za shida na sauti isitoke. Alipotaka kuusukuma mzigo ule, hakuweza kusogeza kiungo chochote.

Msomaji wa Wete, Lamu au Bagamoyo hahitaji kuelezwa zaidi. Mama yule alikuwa akikabwa na jinamizi. Maneno yake yanafanana na yale yanayosimuliwa asubuhi majumbani mwetu: nilikuwa macho, nilikiona chumba, niliwasikia watu wakizungumza sebuleni, lakini ulimi ulikuwa mzito na mwili haukunitii.

Historia ya jinamizi ni ya watu waliosema kweli kuhusu walichokihisi, na ya jamii zilizohangaika kumtafuta wa kulaumiwa. Kuna zama lawama iliangukia pepo, kuna zama iliangukia chakula cha usiku, na kuna mahali iliangukia binadamu mwenzao, akalipia kwa roho yake kosa asilolitenda.

Matabibu wa kale

Kinyume na wanavyodhani wengi, matabibu hawakungoja karne ya 20 ili waanze kulitazama jinamizi kama ugonjwa. Al-Akhawayni, tabibu wa Bukhara aliyefariki mwaka 983, aliandika kwa Kiajemi kitabu cha kufundishia wanafunzi wa tiba, na ndani yake akatenga sura nzima ya maradhi aliyoyaita kabusi. Kwa maoni yake, chanzo kilikuwa mvuke unaopanda kutoka tumboni hadi kwenye ubongo. Dawa aliyoipendekeza ni kumtoa mgonjwa damu na kumpunguzia chakula. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na mji huo huo, naye aliyazungumzia maradhi hayo katika Qanun, kitabu kilichosomwa na matabibu wa Mashariki na Ulaya kwa mamia ya miaka.

Mwaka 1753 zamu ilikuwa ya Mwingereza, Dk. John Bond, ambaye jinamizi lilimtesa yeye mwenyewe. Alieleza katika kitabu chake kwamba kulala chali kunaizuia damu isitembee vizuri, na hapo ndipo mtu anapobanwa. Hesabu zake kuhusu damu zilikosea. Hata hivyo, aliona jambo ambalo uchunguzi wa siku zetu umelithibitisha: anayelala chali hukabwa zaidi kuliko anayelala kwa ubavu.

Wasanii nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1782 mchoraji Henry Fuseli, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha jijini London picha ya mwanamke aliyelala chali, kichwa na mikono vikining'inia nje ya kitanda. Juu yake amechutama kiumbe mfupi mwenye sura ya kutisha, na kichwa cha farasi mwenye macho meupe kimechungulia katikati ya mapazia. Picha hiyo leo ipo katika jumba la sanaa la Detroit, Marekani. Ilinakiliwa mara nyingi sana.

Upwa wa Afrika Mashariki nao ulikuwa na tiba yake. Mtoto wa madrasa hufundishwa mafunzo ya Mtume: aotaye ndoto mbaya ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ateme mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, ageuke alalie ubavu mwingine, na asimsimulie mtu. Wapo wanaosoma Ayatul Kursiyu kabla ya kulala, wapo wanaovaa hirizi, na wapo wanaokunywa kombe. Katika mafunzo hayo mawili ya mwisho ya Mtume, kugeuka ubavu na kutoitangaza ndoto, mna hekima ambayo visiwa vya Zanzibar vilikuja kuikumbuka kwa uchungu.

Ramadhani ya 1995

Februari 1995, katikati ya mfungo wa Ramadhani, habari za kiumbe kiitwacho Popobawa zilienea Pemba. Jina hilo halikuwa geni, maana wazee walikumbuka hofu kama hiyo miaka ya nyuma baada ya Mapinduzi. Safari hii habari zilivuka bahari hadi Unguja, na hatimaye zikafika Dar es Salaam. Waliosema wamevamiwa walieleza kwamba usiku kiumbe kiliwaingilia chumbani, kikawalemea, kikawanyima sauti na nguvu, na wengine wakasema kiliwadhalilisha. Tena ilisemekana kwamba Popobawa anataka atangazwe: aliyevamiwa akinyamaza, atarudiwa.

Watu walihama vyumbani. Familia na majirani walitandika mikeka barazani na uwanjani, wakawasha moto na kukesha kwa pamoja. Mjini Unguja, umati ulimshika mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, ukamdhania kuwa ndiye Popobawa mwenyewe, ukampiga mpaka akafa.

Mwaka huo Zanzibar ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, uliofanyika Oktoba, na kila upande wa siasa ulikuwa na watu waliouona mkono wa upande wa pili katika hofu hiyo. Mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyeishi Pemba miaka hiyo, ameandika kwa kirefu jinsi siasa na Popobawa vilivyoshikana. Hofu hiyo ilirejea mwaka 2000 na tena mwaka 2007, lakini haikufikia ukubwa wa mwaka 1995.

Watafiti waliochunguza habari zile wameona kwamba kiini chake kinalingana na jinamizi: kulala, kuzinduka, kulemewa, kukosa sauti. Kuna jambo jingine ambalo naamini halijapewa uzito wake. Kukosa usingizi wa kutosha ni miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kuleta jinamizi. Mwezi wenyewe ulikuwa wa kuamka usiku kula daku. Halafu watu wakakesha kwa hofu usiku hadi usiku, wakalala vipande vipande, nje, katika kelele na wasiwasi. Kila aliyesinzia karibu na moto ule aliingia usingizini akiwa amechoka na akiwa anajua atakayemwona. Hofu ya Popobawa iliwanyima watu usingizi, na ukosefu wa usingizi ukazidi kumleta Popobawa. Amri ya kusimulia ikayafikisha mambo nyumba ya pili, na ya tatu.

Hakuna haja ya kumwita muongo hata mmoja kati yao. Walihisi uzito, na uzito huo una maelezo.

Kalamu zilizoyumba Chicago

Maelezo hayo yalianza kupatikana mwishoni mwa mwaka 1951 katika Chuo Kikuu cha Chicago. Eugene Aserinsky, mwanafunzi wa uzamivu ambaye hata shahada ya kwanza hakuwa nayo, alikuwa akifanya utafiti chini ya Profesa Nathaniel Kleitman. Alipata mashine kuukuu ya kurekodi umeme wa ubongo, akamlaza mwanawe wa miaka 8 maabarani, akambandika nyaya kichwani na pembeni mwa macho. Yeye alikaa chumba kingine akiangalia kalamu za mashine zikichora mistari kwenye karatasi ndefu.

Usiku ulipoendelea, kalamu zilianza kuyumba kwa nguvu. Kwa mistari ile, mtoto alikuwa macho na anaangaza huku na huku. Aserinsky aliingia chumbani kumtazama, akamkuta amelala fofofo. Alidhani mashine ni mbovu, akajaribu tena na tena, na kwa watu wengine. Jibu halikubadilika. Septemba 1953 yeye na Kleitman walitangaza katika jarida la *Science* kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ubongo huwa na shughuli nyingi. Aliyeamshwa katika kipindi hicho, mara nyingi alikuwa na ndoto ya kusimulia.

Usingizi huo wa ndoto humrudia mtu kila baada ya dakika 90 hivi, na kila ukirudi hukaa zaidi. Ndiyo maana ndoto ndefu za kutisha hupatikana zaidi karibu na alfajiri.

Mwaka 1959 Michel Jouvet, akifanya kazi Lyon nchini Ufaransa, aliongeza sehemu iliyokosekana. Aliona kwa paka kwamba wakati wa usingizi huo misuli ya mwili hulegea kabisa, ingawa ubongo una shughuli kama za aliye macho. Ni kinga, ili mwotaji wa mbio asikimbie kweli. Baadaye Jouvet aliwaharibia paka sehemu ndogo ya shina la ubongo, na kinga ile ikaondoka. Paka wakainuka wakiwa usingizini, wakanyatia na kupigana na adui asiyeonekana na mtu mwingine.

Jinamizi hutokea pale akili inapozinduka kabla ya misuli kufunguliwa. Macho yanaona chumba, masikio yanasikia, lakini mikono na ulimi bado vimefungwa. Misuli ya mbavu nayo imelegea, hivyo mtu akijaribu kuvuta pumzi ndefu anakwama na kuhisi amekaliwa. Ndoto iliyokuwa inaendelea haijakatika, na sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari iko macho ikitafuta adui. Sura ya adui huyo hutoka katika yale mtu aliyokulia: Utrecht alikuja kwa umbo la mbwa au mwizi, Kanada katika kisiwa cha Newfoundland akaja kama bibi kizee, na Pemba akaja na mbawa za popo. Baada ya sekunde au dakika chache misuli hufunguka na yote hupotea.

Wala si jambo la wachache. Mwaka 2011 watafiti Brian Sharpless na Jacques Barber walikusanya tafiti 35 zilizohusisha zaidi ya watu 36,000, wakakuta kwamba karibu watu 8 katika kila 100 wamewahi kukabwa angalau mara moja. Kwa wanafunzi, ambao usingizi wao hauna ratiba, idadi ilikuwa takribani 28 katika kila 100.

Yasichanganywe

Maabara za usingizi zilisaidia pia kutenganisha mambo ambayo majumbani huitwa kwa jina moja. Mwaka 1968 Dk. Roger Broughton wa Kanada alionyesha kwamba mtoto anayeinuka usiku akipiga mayowe, macho wazi na jasho likimtoka, hayumo ndotoni. Yeye yumo katika usingizi mzito kabisa wa mwanzo wa usiku, na mwili wake umeamka nusu. Ndiyo maana hamtambui mamaye, na asubuhi hana habari. Wengi huacha wanapokua. Mtoto wa namna hii hatikiswi wala hachapwi: hukingwa asijiumize mpaka atulie, na huwahishwa kitandani siku inayofuata. Akikakamaa, akitetemeka mwili mzima au akiwa na homa kali, hilo ni jambo jingine, na hospitali ndiyo mahali pake.

Kwa mzee anayepiga ngumi na mateke usingizini, Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minneapolis walieleza mwaka 1986 kwamba kinga ya misuli imemwondoka, kama ilivyowaondoka paka wa Jouvet. Baadaye waligundua kwamba wengi wa wazee hao hupatwa na ugonjwa wa Parkinson miaka kadhaa mbele. Mke anayelalamika kwamba mumewe anamtwanga usiku anaweza kuwa ameona dalili kabla ya daktari yeyote.

Dawa nazo zina sehemu yake. Kwa miaka mingi efavirenz ilikuwa miongoni mwa dawa za VVU (ARV) zilizotumika sana Afrika Mashariki, na watumiaji wengi walipata ndoto za kutisha zilizo wazi kama mchana. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dolutegravir ichukue nafasi ya kwanza, mwaka 2019, wengi walipata nafuu ya usiku pamoja na ya mchana. Kabla ya hapo kulikuwa na watu waliodhani wamerogwa, na hatari yake ilikuwa kubwa: anayeamini ndoto zake zimetumwa na jirani hamwulizi daktari kuhusu kidonge alichomeza saa tatu usiku.

Zipo pia ndoto za waliopita katika vita, ajali au ubakaji, ambazo hurudia tukio lile lile kwa miaka. Hawa nao wana msaada. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao na wanawake 168 wa New Mexico walionusurika ubakaji. Waliopewa tiba walifundishwa kuichukua ndoto mbaya mchana, kuibadilisha wapendavyo, kisha kuipitia mpya akilini kila siku kwa dakika chache. Ndoto zao zilipungua, na usingizi ukawa bora. Tiba hiyo haihitaji mashine wala dawa ghali. Inahitaji mshauri aliyefunzwa, na hao ndio tunaopaswa kuwadai katika zahanati zetu.

Kwa anayekabwa mara moja moja, yapo anayoweza kuanza nayo leo: kulala na kuamka kwa saa zile zile, kutoulipa usingizi wa usiku kwa kusinzia ovyo mchana, na kulalia ubavu. Likimshika, aache kupambana na kifua, ajaribu kuchezesha kidole kimoja, naye atafunguka. Anayekabwa mara kwa mara, na hasa anayezidiwa na usingizi mchana bila sababu, amwone daktari.

Jukumu kubwa zaidi ni la sisi tunaosikiliza. Anayesema amekabwa aaminiwe, maana amekabwa kweli. Aulizwe analala saa ngapi, anameza dawa gani, ana jambo gani linalomkaa moyoni. Aombewe dua kama ndiyo imani ya nyumba yake. Ila swali la nani amelituma jinamizi hilo lisiulizwe, kwa sababu jibu lake limeshaua mtu.