REDIO YA RIDHAA: ANZIA NYUMBANI, TENA ANZA KWA KUSIKILIZA

Wadau, wengi mnauliza hii "ham" ni kitu gani hasa, na je, mtu wa huku kwetu Lupepo anaiweza au ni mambo ya wenye hela? Naweka yote hapa ili anayetafuta ayakute sehemu moja. Jibu fupi: unaiweza, mradi masikio yatangulie mdomo.

NI NINI?
Redio ya ridhaa ni mtu kuongea na mtu kwa redio, bila biashara na bila matangazo. Kila kituo kina jina linaloanza na alama ya nchi: Tanzania 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Ukisikia A4, huyo yuko Oman. Mkishawasiliana mnatumiana kadi ya ushahidi, inaitwa QSL.

SHERIA KWANZA
Kupokea ni kazi ile ile ya redio ya taarifa ya habari. Kurusha ni habari nyingine: lazima leseni ya TCRA, na ofisi yao ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Vile viredio vya mkononi vya Kichina kama Baofeng vinawavutia vijana, lakini ukibonyeza kitufe cha kuongea bila leseni unavunja sheria, na unaweza kumwingilia mtu mwenye kazi ya kuokoa maisha.

VITU VYA KUANZIA
1) Redio ya zamani yenye SW. Usiitupe ile ya babu! Angalia kama mkanda wake unafika 7.1 megahezi. Usiku masafa hayo yanaenda mbali. Mchana jaribu 14 na kupanda hadi 28.

2) Waya. Chukua 143, gawanya kwa masafa, unapata urefu wa antena kwa mita. Kwa 7.1 ni mita 20, yaani kumi kila upande, na katikati ndipo unaposhusha waya wa kwenda kwenye redio. Nguzo si tatizo, Rungwe mianzi haikosekani. Ila usipitishe waya juu wala chini ya nyaya za umeme, hata kama sehemu inakupendeza vipi.

3) Sauti ya bata. Utasikia watu wanaongea kama bata, huelewi kitu. Redio haijafa. Mrushaji ameondoa wimbi linalobeba sauti ili aokoe nguvu, na redio yako inalihitaji. Dawa ya kienyeji: washa redio ya pili ya zamani karibu na ya kwanza. Nyingi zina saketi ndani inayotoa wimbi dogo, kilohezi 455 juu ya pale mshale ulipo. Kwa hiyo ukisikiliza 7.100, weka ya pili kwenye 6.645, kisha sogeza taratibu mpaka bata ageuke mtu. Redio mpya za dijitali haziwezi mchezo huu.

4) Angani. Kituo cha anga za juu cha ISS kinapita kama kilomita 400 juu yetu na kuzunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Redio zao za ridhaa hurusha kwenye 145.800, na zikiwa hewani unaweza kuzipata kwa antena ya mita moja tu. Halafu kuna QO-100, setilaiti iliyorushwa Novemba 2018, imetulia nyuzi 26 mashariki, kwa hiyo kutoka Tukuyu iko karibu juu ya kichwa, ukiegemea kaskazini magharibi. Dishi la kawaida la TV na LNB yake vinaipata: sauti zinashuka karibu na 739.5 hadi 740 megahezi, unazisoma kwa kile kidude cha USB cha kupokelea TV kwenye laptop. LNB inahitaji umeme wake, lakini umeme huo usiingie kwenye kidude, utakiunguza.

5) Huna hata redio? Hapo hapo kafe ulipo, tafuta WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi. Ilianza 2008, na unazungusha masafa kwa mausi. Njoo na hedifoni zako, usiwakere wenzako.

RADI, JAMANI
Mvua za huku mnazijua wenyewe. Ngurumo ikianza kwa mbali, chomoa antena na itupe waya nje, usisubiri. Waya mrefu juu ya mianzi miwili kwenye kilima ni mwaliko kwa radi, na redio nzuri si sababu ya kufa.

FAIDA YAKE NINI?
Nawapa mfano mmoja. Desemba 2004, tsunami ilipopiga Bahari ya Hindi, kikundi cha wanaredio wa ridhaa toka India kilikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, kwa ajili ya starehe yao tu. Simu zikakatika. Wakaacha mchezo na kuanza kupeleka habari za waliopona na waliokwama. Ile hobi ndiyo ikawa simu ya watu.

Sasa fikiria huku kwetu: milima, mvua, maporomoko ya udongo, umeme ukikatika muda mrefu na mnara wa simu nao unazima. Betri ya gari, waya mita 20 na mtu mwenye leseni anayejua kusikiliza vinatosha kufikisha ujumbe Mbeya, hata Dar. Mtu huyo hapatikani siku ya tukio. Anaandaliwa miaka kabla, usiku, akipambana na sauti ya bata.

Mwenye swali au nyongeza amwage hapo chini. Na ukimsikia 5H yeyote hewani, andika tarehe, saa na masafa, utuletee.