Kibali cha Kujenga na Shimo la Msingi

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi wadogo zetu mlio darasani hivi sasa,

Katika mkutano wetu uliopita tulikubaliana kuchanga fedha ili tuwajengee vijana bweni. Mwenzetu mmoja akasimama na kusema kwamba kibali cha kujenga ni makaratasi ya kikoloni, tuanze tu, kibali kitatukuta njiani. Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga pia, lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu ya ufa mmoja nitakaousimulia.

Mwenzetu hakukosea kabisa. Mwaka 1914 Wajerumani waliuwekea mji wa Dar es Salaam sheria ya majengo iliyougawa sehemu tatu. Ya kwanza majengo ya Kizungu peke yake, ya mwisho vibanda vya wenyeji. Waingereza nao wakaleta Kanuni za Majengo za mwaka 1930, zilizohusu miji iliyotangazwa rasmi. Reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza, inayopita Shinyanga, ilikuwa imekamilika mwaka 1928 tu. Basi mjini ruhusa ilitoka Bomani, lakini kijijini Msukuma alimwendea mwanangwa, akaonyeshwa mahali, akajenga msonge wake.

Hata hivyo, wazee wetu hawakujenga ovyo. Walikuwa na jina kwa kila udongo: luseni, itogolo, ibushi, mbuga. Luseni ni kichanga cha kwenye miinuko. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni, ambao masika huvimba na kiangazi hupasuka. Mbuga waliilima mpunga. Nyumba waliziweka juu. Huo nao ulikuwa ukaguzi, ingawa haukuwa na mhuri.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika mara kadhaa. Mwaka 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za miji zikavunjwa. Mwaka 1978 zikaanza kurudishwa, mwaka 1982 zikatungiwa sheria mpya, na mwaka 1984 serikali za mitaa zikaanza kazi tena.

Mimi nilijenga mwaka 1985, katika mji mmoja wa kanda yetu ambao sitautaja. Jalada langu lilitembea kutoka masijala kwenda kwa Bwana Ardhi, kisha kwa Bwana Afya aliyetaka kuona choo na madirisha, kisha kwa mhandisi, kisha likarudi masijala na kulala huko. Kila nilipokwenda niliambiwa, "Njoo kesho." Wakati huo saruji ilikuwa adimu na kuinunua kulihitaji kibali chake. Kwa bahati mbaya kibali cha saruji kilitangulia. Mifuko ikakaa stoo, masika yakakaribia, nami nikaona saruji itaganda. Nikamwambia fundi amwage zege.

Mkaguzi alipofika, msingi ulikuwa umefukiwa na ukuta umefika madirishani. Alizunguka mara moja, akaniuliza kama tulichimba hadi udongo mgumu. Nikasema ndiyo. Akasaini. Ukweli ni kwamba tulichimba futi mbili tu, ndani ya mbuga.

Masika ya pili ufa ukatokea chumba cha watoto, kutoka kona ya dirisha hadi chini, mkono unaingia. Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba mara tatu, na ukuta nikajenga vile vile. Tuliwahamisha watoto sebuleni, tukaubomoa kabla haujaanguka wenyewe. Kibali changu kilikuwa kabatini, kimekamilika, kina mihuri yote.

Siku hizi jambo hili ni kubwa zaidi. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulipofunguliwa mwaka 2000, watu walimiminika, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Penye dhahabu nyumba humtangulia mpima ardhi, na mwenye nyumba kwenye kiwanja kisichopimwa huona tabu hata kujua aanzie ofisi gani. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ipo, lakini sheria haishuki shimoni yenyewe. Dar es Salaam, ambako ofisi ni nyingi zaidi, ghorofa lilianguka Machi 2013 wakafa watu 36, na jingine likaanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, wakafa zaidi ya 20.

Basi naomba kamati yetu ya ujenzi ikubali mambo matatu. Kwanza, tuombe kibali mapema, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, ili saruji isitukimbize kama ilivyonikimbiza mimi. Pili, udongo upimwe, na mzee wa jirani aulizwe pale ni luseni au mbuga. Tatu, zege lisimwagwe kabla mhandisi hajasimama ndani ya shimo na kuliona kwa macho yake. Na akiuliza kina, apewe futi kamba apime, asipewe jibu la mdomo.

Vijana watakaolala humo hawatasoma kibali chetu. Mchango wangu nimekwisha kuukabidhi kwa mweka hazina, nami naomba utumike kwanza kwa kupima udongo.