Tunduma: Saa ya simu ikirudi nyuma, tokeni ya malipo hukwama

Programu inayopokea malipo ya simu kwa niaba ya duka la jumla mjini Tunduma, mkoani Songwe, haina budi kujitambulisha kwa seva ya kampuni ya simu kabla ya kuruhusiwa kuuliza iwapo mteja amelipa. Utambulisho huo ukikwama, mteja aliyekwisha kukatwa fedha huambiwa asubiri, na mzigo wake wa kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, hubaki dukani.

Kitambulisho hicho huitwa tokeni, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu unaotolewa na seva baada ya kukagua ufunguo wa siri wa programu. Wengi hulijua neno hilo kutokana na umeme wa LUKU, lakini tokeni ya LUKU huingizwa kwenye mita mara moja tu. Hii hufanana zaidi na kibali cha muda cha mpakani, kwani aliyenacho hupita hadi siku zake ziishe. Mwizi akikipata naye hupita, na ndiyo sababu muda wake hufanywa mfupi.

Nchini Kenya, mfumo wa Daraja wa Safaricom hutoa tokeni ya sekunde 3,599, pungufu ya saa moja kwa sekunde moja tu. Kwa Vodacom Tanzania, iliyoanzisha M-Pesa mwaka 2008, programu husimba ufunguo wake, hupewa namba ya kikao, kisha namba hiyo nayo husimbwa kabla ya kutumika katika miamala. Muda ukiisha, programu huomba nyingine.

Kanuni za OAuth 2.0, zilizochapishwa Oktoba 2012 katika waraka RFC 6749, huruhusu pia tokeni ya pili, ya kuhuisha, ambayo huonyeshwa tu kwa seva inayotoa tokeni. Hufaa pale mtu alipoiruhusu programu kutumia akaunti yake, ili asidaiwe neno la siri kila saa.

Kwa programu za simu na kivinjari, zisizoweza kutunza siri, waraka RFC 9700 wa Januari 2025 unataka tokeni ya kuhuisha ama ifungwe kwa mtumaji wake ama ibadilishwe kila inapotumika.

Programu iliyoandikwa vyema hukumbuka muda wa kuisha na kuomba tokeni mpya dakika moja hivi kabla. Hapo ndipo mpaka wa Tunduma una mtego wake. Saa za Zambia ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja, na simu inayochukua saa kutoka mtandaoni ikinasa mnara wa ng'ambo, saa yake hurudi nyuma. Programu inayopima kwa saa ya ukutani itaamini kuwa tokeni iliyokufa ingali hai kwa saa nzima. Dawa yake ni kuhesabu kwa saa ya kimataifa, UTC, ambayo haibadiliki mtu avukapo mpaka.

Maombi kadhaa yakigundua kwa pamoja kwamba tokeni imeisha, moja tu ndilo liende kuhuisha na mengine yangoje. Yakienda yote, tokeni ya zamani itatumika mara mbili, na seva yaweza kudhani imeibwa na kufuta idhini yote.

Seva ikijibu 401, maana yake imekataa ombi kwa sababu ya utambulisho. Programu ichukue tokeni mpya na kujaribu mara moja tu. Ikikataliwa tena, isimame na kumwarifu msimamizi, kwani huenda ufunguo wenyewe umefutwa.

Ukimya wa seva ni jambo jingine kabisa, ingawa waandishi wengi wa programu huuchanganya na 401. Ombi la malipo lisilojibiwa huenda limekwisha kutekelezwa. Programu haipaswi kulirudia kabla ya kuuliza hali ya muamala kwa namba yake ya kumbukumbu, la sivyo mteja atakatwa mara mbili.